Niliacha uhasibu nikaenda kuwaonyesha watu tembo

Kwa miezi minane nilimficha mama yangu kazi ninayofanya. Kila Jumapili nilipompigia simu Rombo, baada ya shikamoo na habari za ng'ombe na mvua, aliniuliza, "Na kazi je, baba?" Nami nikamjibu, "Tunamshukuru Mungu, mama." Akilini mwake mwanawe ni mhasibu, yuko Ohio kwenye kampuni ya bima, anakaa ofisi yenye kiyoyozi na jina lake mlangoni. Mimi wakati huo niko Florida, nimevaa kofia na shati la kazi, nimeshika usukani wa gari kubwa lililo wazi pande zote, nyuma yangu wamejaa watu wa kila taifa, nawaonyesha viboko.

Nilikuwa na miaka 54, na uhasibu nilikuwa nimeufanya miaka 25.

Nilisomeshwa na kahawa. Baba alikuwa na kihamba chenye migomba na mibuni, na kila msimu magunia yakienda chama cha ushirika, karo ililipwa. Nilipopata nafasi ya kusoma Marekani, ukoo mzima ulichanga nauli. Kwa hiyo leseni ya uhasibu niliyoipata mwaka 1997 haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya baba, ya shangazi aliyeuza mbuzi wake wawili, ya mjomba aliyenisindikiza hadi Moshi mjini akiwa amenibebea sanduku. Nyumbani waliacha kabisa kuniita kwa jina. Hata watoto wadogo walikuwa wakisema, "Mhasibu amepiga simu."

Siusemi vibaya uhasibu. Ulisomesha wanangu, ulijenga nyumba ya mama. Hadi leo naikumbuka ile raha ya kufunga hesabu za mwezi, pande mbili zinapolingana hadi senti ya mwisho, giza limeingia na ofisini mmebaki watu watatu. Lakini Mei 2020 baba alifariki, na usafiri wa ndege ulikuwa umesimama. Tulimzika nikiwa nimekaa chumba cha chini cha nyumba yangu, simu nimeiegemeza kwenye kikombe, mpwa wangu ameshika ya kwake kule kihambani. Mtandao ulikatika walipoanza kushusha jeneza. Uliporudi niliona udongo na migomba. Ilikuwa Jumanne. Siku hiyohiyo mkubwa wangu wa kazi aliandika kuulizia ripoti ya robo mwaka, akaitaka Ijumaa. Niliipeleka Alhamisi. Alinishukuru kwa kuwahi, na shukrani ile ndiyo iliyonitisha. Nilikaa mbele ya kompyuta nikajiuliza ni mtu gani huyu anayemzika baba yake Jumanne, kisha Alhamisi anawahisha ripoti.

Hata hivyo sikuacha kazi. Nilifanya mwaka mwingine na nusu.

Desemba 2021 tulikwenda Orlando na binti yetu, mumewe na mjukuu wetu wa miaka mitano. Siku ya tatu tukaingia Animal Kingdom, bustani ya Disney ya wanyama iliyofunguliwa Aprili 22, 1998. Ndani yake kuna kijiji walichokijenga kiwe mfano wa mji wa pwani ya Afrika Mashariki, wakakiita Harambe, kwa "e" moja. Kila ukutani kuna Kiswahili. Mjukuu wangu, ambaye tangu azaliwe alikuwa akinisikia nikizungumza lugha ile simuni tu, alinishika mkono akanivuta kutoka kibao hadi kibao nimsomee. Dawa. Tamu tamu. Kusafiri. Alikuwa anafurahi kama mtu aliyegundua kuwa babu yake anajua siri ya mahali.

Kisha tukapanda gari la safari, ambalo huwazungusha watu kwa dakika kama 20 kwenye mbuga ya ekari 110 hivi. Tukawafikia tembo. Walikuwa wanakula kwa utulivu, masikio yakipepea polepole. Mjukuu akaniuliza, "Babu, hawa ndio wa kwenu?" Nikasema ndiyo. "Ulikuwa unawaona?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nawasikia."

Shamba letu la mahindi liko ukanda wa chini wa Rombo, upande wa mpaka wa Kenya. Ng'ambo yake ni Tsavo. Mahindi yakikomaa tembo huja usiku. Baba na wanaume wengine walilala dunguni wakiwa na moto na madebe, na sisi watoto tulikatazwa kutoka nje. Nilisikia madebe yakipigwa, nilisikia watu wakipiga kelele, na kuna usiku nilisikia mabua yakivunjika. Asubuhi niliona nyayo pana kama ungo. Tembo mwenyewe sikumwona hata siku moja. Mbuga zetu, Serengeti na Ngorongoro, zilikuwa mahali ambapo wageni walipita wakielekea, wametimua vumbi kwenye magari. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuzikanyaga. Kwa hiyo tembo wa kwanza niliyemtazama kwa nafasi, mchana, bila woga, nilimtazama Florida nikiwa na miaka 53.

"Kwa hiyo hata wewe ni mara ya kwanza?" mjukuu akasema, akahamia pajani kwangu tuangalie pamoja.

Nilirudi Ohio nikiwa nimeshaamua, ila nilichelewa kukiri.

Wanaonitafuta sasa, wengi ni watu wa rika langu waliochoka, huuliza kwanza habari ya pesa, na wana haki. Nilipoanza udereva wa safari pale Animal Kingdom mwaka 2022, kima cha chini kilikuwa dola 15 kwa saa. Mwaka uliofuata vyama vya wafanyakazi vilipatana na kampuni kikapanda hadi dola 18. Kwangu ilikuwa kama robo ya mshahara wa zamani. Niliweza kwa sababu tulikuwa tumemaliza deni la nyumba, watoto wamemaliza shule, na mke wangu ni muuguzi, kazi ambayo haikosekani Florida, na bima yake ya afya inatutosha wote wawili. Asiye na vitu hivyo nisingemshauri afanye nilivyofanya mimi. Nilikaa na mke wangu mezani usiku mwingi tukiandika mapato na matumizi ya miaka kumi na miwili, mpaka nifikishe umri wa kuchukua akiba ya uzeeni. Akiwa bado na shaka alisema kitu kimoja: "Mimi sitaki mume anayewahisha ripoti." Alikuwa ameiona Alhamisi ile, hakuwa ameisema.

Kosa langu lilikuwa kwingine. Kule nyumbani watu tisa walikuwa wananitegemea kwa karo, dawa, mbolea na michango. Kwenye daftari letu tuliandika kuwa fedha ya kutuma nyumbani itapungua hadi theluthi moja. Lakini kuandika ni kazi rahisi. Nilishindwa kuwaambia. Kwa miezi minane niliendelea kutuma kiasi kilekile, nikichota akiba kimyakimya, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa na aibu mbili: ya kumficha mama kazi yangu na ya kumficha mke wangu ninachochota. Mhasibu mzima. Ningekuwa nimewaambia mapema, mpwa wangu mkubwa, ambaye tayari alikuwa na kazi Arusha, angeshika karo ya wadogo zake tangu mwanzo. Alipojua alifanya hivyo bila kunung'unika, akaniuliza tu kwa nini nilimwona kama bado mtoto.

Turudi kazini.

Pale kila mfanyakazi huvaa beji yenye jina lake la kwanza, na chini yake mahali anakotoka. Hakuna ubini, cheo wala herufi za shahada. Aliyenifundisha kazi alikuwa binti wa miaka 23, wazazi wake wametoka Puerto Rico kama wengi wa Kissimmee, mji wa jirani, na siku ya kwanza aliniita kwa jina langu la kwanza. Kwa desturi zetu mtu wa umri ule angenipa angalau "mzee". Nilishtuka kidogo, kisha nikatambua kitu: lilikuwa limepita zaidi ya robo karne tangu niitwe hivyo na mtu asiye wa nyumbani mwangu. Chini ya jina niliomba waandike Rombo, Tanzania.

Wafanyakazi wote hufundishwa kuonyesha njia kwa vidole viwili au kwa kiganja kilicho wazi, si kwa kidole kimoja. Takataka ukiiona unaiokota, uwe nani. Na juu ya yote ni usalama: ukichelewesha gari kwa ajili ya usalama hakuna atakayekuuliza. Hayo niliyashika upesi. Kuzungumza ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nimekariri kila kitu kuhusu kila mnyama, nikawa nakitoa kama ninavyosoma mizania mbele ya wakurugenzi. Siku ya nne yule binti alikaa nyuma yangu mzunguko mzima bila kusema neno. Tuliposhuka akaniambia, "Umemaliza habari za kiboko kabla hatujafika kwa kiboko. Msubiri."

Nimefundishwa mengi na watu wenye vyeo, lakini neno hilo ndilo ninaloamka nalo. Miaka 25 kazi yangu ilikuwa kuwahi, kujua mwezi utaishaje kabla haujaisha. Sasa nilitakiwa ninyamaze hadi kiboko aonekane, na asipoonekana niwaambie watu tutazame maji. Ilinichukua wiki kadhaa. Kuna mama mmoja wa Iowa aliniambia wakati anashuka kuwa walikuwa wameweka akiba miaka minne ili waje. Kwangu ulikuwa mzunguko wa tisa siku ile, nami nilikuwa nimeuendesha kwa uchovu. Nililala vibaya. Tangu hapo kabla ya kuondoa gari naangalia kioo cha juu, natafuta sura moja, namwendeshea yeye.

Mwili nao una maneno yake. Joto la Florida kuanzia Juni hadi Septemba si la mchezo, na mchana radi hupasuka karibu kila siku. Nilitupa viatu jozi mbili kabla ya kupata vinavyonifaa. Krismasi na Mwaka Mpya, wageni ni wengi, mgeni kazini kama mimi yuko zamu. Krismasi ya kwanza nilikula pilau saa nne usiku, peke yangu, wenzangu wa nyumbani wamelala.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya zamu, nilikuwa napita Harambe nikamwona bibi amevaa buibui, amesimama mbele ya ukuta ameuwekea kiganja. Wajukuu wake walikuwa wanamvuta. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Aligeuka polepole, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Marahaba mwanangu. Wewe watoka wapi?" Akasoma beji. Alikuwa mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Mkomani, anaishi Toronto na wanawe. Nikamwambia waliobuni kijiji kile waliuchukua mfano wao Lamu. "Najua," akasema, "ndiyo maana nimekuja." Akapapasa tena ukuta, saruji iliyopakwa ionekane kama matumbawe yaliyoliwa na chumvi. Akaanza kunionyesha: hapa ndipo pangekuwa daka, ile sebule ya mlangoni yenye mabaraza mawili ya mawe, ambapo mgeni huketi kabla hajajua kama atakaribishwa ndani. Neno daka silikuwa nalo. Mimi ni mtu wa mlimani, Kiswahili changu ni cha shule na cha redio. Nikalichukua. Dakika zangu kumi za mapumziko ziliisha nikiwa nimesimama pale na mama yule, naye ameushika mkono wangu na hakuuachia hadi wajukuu walipomwita mara ya tatu.

Watu huniuliza kama haiumi kuona nyumbani kwetu pamejengwa kwa saruji ili watu wapige picha. Nimelifikiria hilo kwa dhati. Jibu langu ni kwamba niliye pale si saruji. Mtu akinisalimu "jambo" namjibu kwa moyo, na kama ana nafasi namfundisha "hujambo" na "sijambo". Na si kila kitu pale ni mfano. Mwaka 2006 vifaru weupe wawili waliozaliwa katika bustani ile walipelekwa hifadhi iitwayo Ziwa, Uganda, nchi ambayo majangili walikuwa wamemaliza vifaru wake wote tangu miaka ya 1980. Mmoja wao, jike aitwaye Nande, alizaa Juni 2009. Baba wa ndama ametoka Kenya na mama Marekani, basi ndama akapewa jina Obama. Ninaposimulia hilo mbele ya vifaru, gari zima hucheka, kisha hunyamaza, na kunyamaza kule ndiko ninakokutaka.

Sasa habari ya twiga. Mnyama akisimama barabarani pale, yeye ndiye mwenye barabara. Huwezi kumpigia honi. Alasiri moja twiga alisimama mbele ya gari langu akatafuna, akatazama, akatafuna tena. Nilisema yote niliyoyajua kuhusu twiga. Nikasema ya mbuyu, na ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe kubwa. Maneno yakaisha na twiga yupo. Nyuma kuna watoto wameanza kulia kwa joto. Nikajikuta nawasimulia madebe ya Rombo, baba yangu dunguni, mabua yakivunjika gizani, na kwamba tembo wanaokwenda kuwaona mbele, kwetu walikuwa njaa. Nilisema hivyo kwa sauti isiyo ya kipaza sauti. Mtoto mmoja akauliza, "Baba yako aliwafukuza?" Nikasema mara nyingine ndiyo, mara nyingine walikula yote. Twiga akaondoka, na hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wanasubiri niendelee.

Jioni mwenzangu mmoja aliyesikia habari ile akaniuliza kama najua mambo ya nyuki. Sikuyajua. Usiku nilikaa hadi saa saba nikisoma. Tembo huogopa nyuki, hasa kuumwa machoni na ndani ya mkonga. Mtafiti Lucy King, aliyefanya kazi Kenya na shirika la Save the Elephants, alitengeneza ua wa mizinga: mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya, tembo akigusa waya mizinga yote inatikisika na nyuki wanatoka. Mwaka 2010 yeye na wenzake, akiwemo Joseph Soltis, mwanasayansi wa Animal Kingdom, bustani hiihii ninayofanyia kazi, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa tembo wakisikia nyuki hutoa mngurumo wa kutahadharishana na wengine hukimbia. Nilisoma nikafika mwisho, nikaanza upya. Baba alilala dunguni hadi uzeeni.

Wiki hiyohiyo siri yangu ilitoka. Mgeni alinipiga picha, ikazunguka, ikaangukia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mdogo wangu akaandika neno moja: "Kaka?" Sikusubiri Jumapili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wameniambia wewe ni dereva."

"Ni kweli, mama."

"Wa nani?"

"Wa watu. Nawapeleka kuangalia tembo."

Alinyamaza muda mrefu. Nilisikia kuku. "Na wanalipa kuwaangalia?" Nikasema wanalipa, tena sana. "Baba yako," akasema, kisha akaacha. Nilijua alichotaka kusema nami sikuwa na jibu lake. Nikamweleza yote: jeneza na mtandao, ripoti ya Alhamisi, mjukuu garini, pesa zitakavyopungua. Nililia, na sikumbuki mara ya mwisho kulia mbele ya mama. Aliniacha hadi nikamaliza. Halafu akauliza, "Wanakula nini hao tembo wa huko, kama hawana mahindi ya watu?" Nikamweleza. Akauliza wanalala wapi, nani anawaosha, kama wana watoto. Tukazungumza kwa muda ambao hatukuwahi kuzungumza nikiwa mhasibu, kwa sababu wakati ule sikuwa na kitu cha kumsimulia. Mwishoni nikamwambia habari ya nyuki. Akaguna tu.

Jumapili ya pili baada ya hapo alinipigia yeye. Nilikuwa nje ya duka, nimebeba mifuko. Hata shikamoo hakuisubiri.

"Ile mizinga. Kutoka mzinga hadi mzinga ni umbali gani?"

"Mita kumi, mama."

"Mita mimi sizijui. Hatua ngapi?"

Nikaweka mifuko chini pale kwenye maegesho ya magari. Mstari wa kuegeshea gari moja ni kama mita tano na nusu, nikakadiria miwili kasoro kidogo, nikarudi mwanzo nikaanza kutembea, simu sikioni, nikihesabu kwa sauti ili asikie.

"Kumi na tatu," nikasema. "Lakini hizi ni zangu. Za kwako labda kumi na sita."

"Ngoja," akasema mama, nami nikasikia akimwita kijana aje na kamba.